Shanga Nilizozipigia Vigingi

Mimi ni mtu wa kushuku, na sitaki kujitetea. Nikinunua samaki feri namwambia muuzaji atoe mkono kwenye mizani. Nikipanda bajaji kutoka Likombe kwenda sokoni namwangalia dereva kila kona, ingawa njia ni ile ile tangu nihamie. Marehemu mume wangu alikuwa akinitania kwamba siku malaika wakija kunichukua nitawaomba kitambulisho.

Kazini tabia hii ilinifaa. Nimefundisha fizikia zaidi ya miaka ishirini hapa Mtwara, na mwanafunzi aliyeniletea majibu ya kupika akapona sijamwona. Siri yangu ni ndogo tu. Kipimo cha kweli kina mikunjo: mkono umetetemeka, upepo umepita, leo umesoma hivi na kesho vile. Jedwali likinyooka sana, kila nambari imekaa pale inapotakiwa kukaa, najua mtu amelitunga akiwa amejilaza kitandani. Namrudishia daftari lake na wino mwekundu, tarehe, na sahihi yangu chini. Tarehe na sahihi siachi hata kwenye jaribio la dakika kumi, maana mtu anaweza kuja kesho akadai hukumsahihishia.

Mwalimu niliyemshuku kuliko wote alitujia kutoka nyanda za juu. Alikuwa mdogo kwangu kwa miaka kumi na tano hivi, mwimba kwaya, mwepesi wa kusema na mwepesi wa kucheka. Mume wake alikuwa na kazi ya miche ya mikorosho kule Naliendele, na huko ndiko walikopanga. Alifundisha hesabu na fizikia. Siku ya kwanza tu aliniita dada, na kesho yake akaniletea parachichi sita kubwa zilizotoka kwao. Nikazila, lakini huku najiuliza huyu anataka nini.

Na kweli alitaka kitu. Alikuwa anasoma shahada ya uzamili kwa masafa. Chuo chake kiko mbali, na kilidai kila mwanafunzi awe na msimamizi wa karibu, yaani mtu mwenye shahada kama hiyo, anayeishi naye mji mmoja, wa kuiona kazi ikifanyika na kutia sahihi kila sura ya tasnifu. Shuleni kwetu mtu huyo ni mimi peke yangu. Bila sahihi yangu chuo kisingepokea hata ukurasa. Na muda ulikuwa umembana vibaya. Mwaka mmoja ulimpotea alipojifungua, mwingine kwa kuhamahama, na chuo kilikuwa kimemwongezea muda kwa mara ya mwisho. Kulikuwa pia na nafasi ya ukufunzi kwenye chuo cha ualimu, aliyoahidiwa endapo angemaliza mwaka ule. Asipomaliza, shahada basi, na nafasi basi. Aliniambia yote haya wazi, tukiwa tumesimama barazani nje ya ofisi ya walimu, nami nikakubali kumsimamia.

Nieleze alichokuwa anafanya, maana bila hicho maneno yangu hayatakuwa na kichwa wala miguu. Weka kijiko cha chuma kwenye sufuria ya uji unaochemka. Joto linapanda polepole mpaka linafika kidoleni. Kila kitu kina nambari yake ya kupitisha joto: chuma kina yake, mti una yake, udongo una yake. Vitabu vyote nilivyofundishia vinasema nambari hiyo ni ya kitu chenyewe, haina habari na urefu. Kijiko kirefu kitalichelewesha joto, lakini chuma ni chuma, kiwe kijiko au nondo.

Yeye alikuwa anaunda ndani ya kompyuta kitu chembamba kuliko vyote: mstari mmoja wa shanga, kila ushanga umeungwa na jirani yake kwa springi. Springi zenyewe hazikuwa za kawaida, ukizivuta mno zinakaza zaidi. Mwisho mmoja wa mstari anautia joto, kwa hiyo shanga za huko zinatikisika kwa nguvu. Mwisho mwingine anaupoza. Halafu kompyuta inahesabu, mtikisiko kwa mtikisiko, ni joto kiasi gani linavuka kutoka ushanga hadi ushanga. Hesabu moja moja ni nyepesi, ila ni nyingi mno, na mstari ukiwa mrefu mashine inaweza kukaa siku kadhaa kabla ya kutoa jibu moja. Walimu wanaume walimtania sana kwa shanga hizo, wakimwuliza lini ataanza kuzivaa. Alicheka nao.

Ufunguo wa chumba cha kompyuta cha shule nilikuwa nao mimi. Likizo ya Juni aliniomba mashine, akawasha nne, akabandika karatasi kwenye kila moja: TAFADHALI USIZIME. Ziliunguruma wiki mbili. Mimi nikawa napitapita. Nikifungua mlango ghafla, anageuza skrini upande. Mara ya kwanza nikasema labda ni jua la dirishani. Mara ya tatu nikasema hapa pana jambo. Mtu anayefanya kazi halali anaficha nini? Mwezi mwingine kabisa, tukiwa tumeshaharibikiwa, ndipo aliponiambia kwamba alikuwa anacheza karata akisubiri mashine zimalize, na aliona haya kukutwa na mkubwa wake. Wakati ule sikuuliza. Kumwuliza mtu kungeniondolea raha ya kumshuku.

Kwa hiyo aliponiletea jedwali lake mezani, saa nne ya chai, nilikuwa nimeshamhukumu nusu. Zilikuwa karatasi tano zilizochapwa. Nikapitisha kidole. Mstari wa shanga mia, nambari hii. Shanga mia mbili, nambari kubwa zaidi. Mia nne, kubwa zaidi tena. Mia nane, bado inapanda, wala haikuonyesha dalili ya kuchoka.

"Mbona hii inapanda?" nikamwuliza.

"Hata mimi ilinishangaza, dada. Nimerudia mara mbili."

"Upitishaji joto haupandi kwa urefu. Unawafundisha watoto hivyo wewe mwenyewe."

"Kwa nondo, sawa. Lakini hii ni shanga moja moja kwenye mstari, hazina pa kupishana. Nimesoma kwamba wengine nao wameliona hili, makala ninayo nyumbani, nitakuletea."

"Usiniletee makala. Niletee joto linalofuata sheria."

Walimu wawili waligeuka. Yeye akakitazama kikombe chake. Mimi nikatoa kalamu nyekundu pale pale, kama vile niko na daftari la kidato cha pili, nikaandika pembeni ya jedwali: "Mbona inapanda? Umepika hizi? Rudia. Sisaini." Nikaweka tarehe na sahihi. Aliponyoosha mkono kuzichukua karatasi nikamwambia nakaa nazo. Nilitaka ushahidi, asije akazibadilisha kimya kimya halafu akaniruka.

Nisijifanye mbaya kuliko nilivyokuwa. Nilikwenda kuhakiki, na Ijumaa ile ile nyumbani Likombe nikakaa na kompyuta yangu, nikaandika programu yangu mwenyewe ya shanga na springi, mwanzo mpaka mwisho, bila kuangalia ya kwake. Nilijivuna. Miaka mingi sikuwa nimeandika programu, na mikono ilikumbuka.

Nilipoiwasha, shanga zangu zikaanza kuhama. Mstari mzima ulielea polepole kuelekea kulia mpaka ukatoka kwenye skrini. Nikaurudisha, ukaelea tena, safari hii kushoto. Nikaudhika. Sasa, mimi nimetoka kijiji cha mwani, ng'ambo ya ghuba ya Mikindani. Mama alianza kulima mwani nikiwa sekondari, na likizo zangu zote ziliishia majini, maji magotini, nikipiga vigingi. Shamba la mwani ni kamba zilizonyooshwa baharini, miche imefungwa juu yake, na kamba inayoelea inapigwa kigingi. Kwetu hilo halina mjadala. Ukiiacha, mkondo unaondoka nayo na mwaka wako umekwisha. Basi nikaongeza mstari mmoja kwenye programu: kila ushanga uwe na springi ndogo ya kuushikilia mahali pake. Haikunichukua hata dakika mbili. Sikuiandika popote wala sikuifikiria tena.

Mstari ukatulia. Nikaacha mashine ifanye kazi. Jumapili jioni nambari zikatoka: shanga mia, mia mbili, mia nne, zote karibu sawa. Sheria imefuatwa. Nilifurahi, tena furaha mbaya, ile ya mtu aliyemshika mwizi wake.

Jumatatu nikamwita kwenye chumba cha kompyuta.

"Nimefanya mwenyewe," nikamwambia. "Haipandi."

Alikaa chini taratibu. "Dada, naomba niione programu yako."

"Ya nini? Uinakili?"

"Nilinganishe tu. Pengine kuna kitu tumefanya tofauti."

"Tofauti ni kwamba mimi nimefanya na wewe umepika."

Nayakumbuka maneno hayo kwa sababu baada ya kuyasema nilimwona macho yakimjaa maji, na mimi nikayahesabu yale machozi kuwa ushahidi pia. Kama ningemwonyesha programu yangu, angeuona ule mstari wa springi ndogo kabla sijamaliza kukunja mikono. Ilikuwa kwenye mkoba, miguuni pangu.

"Zimebaki siku tisa za kuwasilisha," akasema. "Nikirudia mistari mirefu yote sitawahi."

"Rudia unayoweza."

"Na ikitoka vile vile?"

"Ikitoka vile vile, mimi sitii sahihi."

Siku nne baadaye akaleta jedwali jipya. Shanga mia, mia mbili, mia nne, mia nane, nambari zimelala sawasawa, grafu yake imenyooka. Nikasoma mara moja. Nikachukua kalamu ya bluu, nikasaini sura nzima, nikampa mkono na kumwambia, "Unaona sasa? Kazi nzuri." Akasema ahsante. Hakucheka. Aliingiza karatasi kwenye bahasha, akaenda darasani, na tangu siku hiyo sikuona tena parachichi.

Nami nikawa na amani. Niseme ukweli, nilitembea pale shuleni nikijiona mlinzi wa fizikia ya mkoa mzima.

Septemba tulipofunga kwa likizo fupi nikaenda kwa mama. Mama bado analima mwani. Tumemkataza mpaka tumechoka. Ilikuwa bamvua, maji yalikuwa yamekwenda mbali, na asubuhi tukatoka wote wawili kutikisa kamba. Mwani unapata tope na uchafu, kwa hiyo unashika kamba unaitikisa mpaka unang'aa. Kamba zake za zamani zina kigingi kila baada ya hatua tatu. Nikashika ya kwanza nikaitikisa: kipande changu kikaruka, na ng'ambo ya kigingi kikawa kimya. Ukitaka kusafisha kamba nzima unatembea kigingi hadi kigingi.

Nikahamia kamba mpya, ndefu, ambayo ilikuwa imefungwa miisho tu. Mama alikuwa mwisho wa pili, ameinama anafunga miche, kanga kaifunga kiunoni. Nikashika kamba nikaitikisa kama zile nyingine.

"We, taratibu," akasema mama. "Unaniogesha."

"Niko mbali, mama."

"Uko mbali lakini kamba haina vigingi. Ukitikisa huko inanifika yote hapa. Na miche umeshanifungulia miwili. Nimekwambia tuzipige vigingi leo, wewe unataka kutikisa."

Alikuwa analalamika tu. Akaendelea na miche yake, ananung'unika kuhusu watu waliosoma. Mimi nikabaki nimeshika kamba. Nikaitikisa tena, kidogo, nikautazama mtikisiko ukienda, ukienda, mpaka ukafika mkononi mwa mama, naye akaguna. Nikarudi kwenye kamba ya zamani, nikatikisa kwa nguvu ile ile. Ukafika kwenye kigingi, kigingi kikaukabidhi kwa mchanga, ukaishia hapo.

Nilijua papo hapo.

Mstari usio na vigingi hauna pa kuutupia msukumo. Ushanga unamsukuma jirani, jirani anamsukuma jirani, na ile mitikisiko mirefu ya polepole inapita mstari mzima bila kukutana na kitu cha kuivunja. Ukirefusha mstari unaipa nafasi mitikisiko mirefu zaidi, na yenyewe inabeba joto zaidi, kwa hiyo nambari inapanda, na inaendelea kupanda. Ukiufunga kila ushanga mahali pake, kila kigingi kinanyang'anya kidogo, na joto linarudi kutembea kama kwenye kijiko cha uji. Wote wawili tulikuwa tumehesabu sawa. Ila yeye alihesabu alichosema anahesabu, na mimi nilikuwa nimepiga vigingi mia nne kwenye shanga mia nne na kuviita sheria.

Nilikatisha likizo, mama akanuna. Likombe nikafungua programu, nikafuta ule mstari mmoja, nikafunga ushanga wa kwanza na wa mwisho tu ili usielee, nikawasha. Siku tatu sikutulia. Nambari zikapanda. Zikapanda na mikunjo yake, hapa juu kidogo, pale chini kidogo, jinsi kipimo cha kweli kinavyokuwa.

Hapo ndipo swali likanijia, na nilipojiuliza nilikuwa nimesimama jikoni na birika mkononi. Kama mstari wake hauna vigingi, na mstari usio na vigingi unapanda, lile jedwali lake la pili lililolala limetoka wapi?

Nikaenda kwenye nakala yangu ya tasnifu. Nikaangalia. Kila nambari imekaa pale inapotakiwa kukaa. Halikuwa na mkunjo hata mmoja. Mtoto wa kidato cha pili angeniletea lile jedwali ningemtoa nje ya darasa. Mimi ninayemwambia muuza samaki atoe mkono kwenye mizani, siku ile nilisoma mara moja nikasaini, kwa sababu lilisema nilichotaka kusikia.

Nilimpigia simu, haikupokelewa. Shule ilipofunguliwa nilimkuta kwenye chumba cha kompyuta amekaa mbele ya mashine iliyozimwa. Alinisukumia barua. Kamati ya chuo ilikuwa imesoma tasnifu yake, na watahini walisema majibu yake yanapingana na mambo yanayojulikana siku nyingi kuhusu mistari ya aina hiyo. Walisema tena kwamba nambari zimenyooka kupita kiasi, na kwamba mistari mirefu namna ile isingewezekana kuhesabiwa kwa siku alizoandika. Wanashuku zimetungwa. Apeleke maelezo na kumbukumbu zake za awali ndani ya siku kumi na nne, la sivyo anafutiwa masomo.

"Nilikosea," nikasema. "Niliweka vigingi."

"Vigingi gani?"

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, na uso wake haukubadilika.

"Mimi nilijua hesabu zangu ni za kweli," akasema. "Kosa lako liko wapi ndilo sikujua, maana hukunionyesha."

"Sasa kwa nini ukazibadilisha?"

"Ulisema hutasaini."

Nikamwuliza nambari za mwanzo ziko wapi, na mafaili ya mashine zile nne. Akasema alifuta yote. Aliogopa akikutwa na majibu ya aina mbili ataitwa tapeli, kwa hiyo alibaki na yale niliyoyataka mimi. Kurudia angeweza, lakini kurudia sasa kungeonyesha tu kwamba anajua jibu sahihi baada ya kuambiwa. Kusingeonyesha kwamba alikuwa nalo tangu mwanzo. Alisema hayo kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anaeleza ratiba ya vipindi, na ndivyo nilivyojua amekwisha kukata tamaa.

Nilirudi nyumbani na bajaji na sikumtazama dereva kona hata moja. Karatasi tano za mwanzo nilikuwa nazo mimi. Mimi situpi karatasi. Zilikuwa kabatini chini ya vitenge, zimekunjwa mara moja, na wino wangu mwekundu pembeni: "Mbona inapanda? Umepika hizi? Rudia. Sisaini." Tarehe. Sahihi. Wiki moja nzima kabla ya lile jedwali la uongo. Duniani hapakuwa na ushahidi mwingine kwamba yule mwanamke alifanya kazi yake kwa uaminifu.

Nitasema na lililofuata, ingawa linaniuma. Nilikaa nazo kitandani mchana kutwa. Yeye hakukumbuka kwamba ninazo, la sivyo angeniomba. Ningeweza kusema zimepotea. Kuzitoa ni kuiambia kamati kwamba msimamizi alimlazimisha mwanafunzi aghushi, halafu akasaini alichoghushi, na kazi yangu nimebakiza miaka michache kustaafu. Niliogopa. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Niliwaza hata kukata ile pembe yenye wino mwekundu kwa mkasi, nibakize jedwali tupu, lakini tupu halina tarehe, na bila tarehe ni karatasi ya kufungia vitumbua. Mkasi niliushika kabisa. Adhana ya alasiri ikanikuta bado nimeushika, nikaurudisha kwenye droo, nikavaa baibui, nikatoka kwenda Naliendele.

Mume wake alinifungulia, akaniambia karibu bila kunitazama. Mwenyewe akatoka jikoni akijifuta mikono. Nikampa karatasi.

Hakuniambia ahsante. Alizipeleka dirishani, akazisoma moja moja, akageuza nyuma, akarudi mbele, akapitisha kidole kwenye wino wangu mwekundu.

"Hizi ndizo zenyewe au umetoa nakala?"

"Ndizo zenyewe."

"Nyingine iko wapi?"

"Hakuna nyingine. Ni tano tu, hesabu."

Akahesabu. Akazipiga picha zote kwa simu, mbele yangu, ndipo akanikaribisha kiti. Akaleta karatasi na kalamu, akaviweka mezani. "Andika barua ya kamati hapa hapa, dada. Nikuone." Mume wake akavuta kiti akakaa kuwa shahidi. Nikaandika kila kitu: vigingi, machozi yale, maneno yangu, sahihi ya bluu. Alipoisoma akaniuliza kama nimekuja na programu yangu. Nilikuwa nayo. Akaifungua kwenye kompyuta yake, akashuka nayo mstari kwa mstari mpaka akaufikia ule niliousema, akaweka kidole juu ya skrini. Hakuniamini mpaka alipouona kwa macho yake.

Kamati ilipokea. Haikumfutia masomo. Imempa miezi sita arudie hesabu zote na kuandika upya, chini ya msimamizi mwingine, na jina langu limeondolewa kwenye orodha ya wasimamizi, haki yao. Nafasi ya ukufunzi haikumsubiri. Alipewa mwingine, na nijuavyo mimi haitarudi.

Sasa mashine nne zinaunguruma tena kwenye chumba cha kompyuta, na karatasi zile zile, TAFADHALI USIZIME. Ufunguo ambao nilikaa nao miaka kumi na moja, mkuu wa shule alimkabidhi yeye. Juzi nilihitaji kuchapa mtihani wa kidato cha tatu, nikaenda kumwomba. Aliniuliza nataka mashine ipi na kwa muda gani, kisha akafuatana nami mpaka ndani, akasimama nyuma ya kiti changu mpaka nilipomaliza. Mimi nikatoka. Yeye akabaki akipita kwenye mashine zake moja moja, kuona kama zote bado zinahesabu, ndipo akafunga mlango na kuujaribu kitasa mara mbili.